Kuitafuta Talaka ya Shangazi

Shangazi yangu alinipigia simu saa moja kasorobo asubuhi, ndiyo kwanza naumega mkate wangu wa chai. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba ya haraka haraka, ya mtu ambaye jambo limeshamfika ulimini.

"Nnaolewa," akasema.

"Unaolewa na nani, Shangazi?"

"Na mwanamume. Ulidhani na mnazi?"

Ndivyo alivyo. Ni mdogo wake marehemu baba yangu, umri umeshavuka sitini, anakaa Matemwe peke yake na kuku wake, na kazi yake ni mwani. Ukimchokoza kwa neno moja anakurudishia matatu, na la tatu lina pilipili.

Akanieleza. Bwana mwenyewe ni mkulima wa majimbi na muhogo, kijiji cha jirani, kafiwa na mkewe miaka mitatu nyuma. Mwaka mzima alikuwa akipita mlangoni kwa shangazi na kikapu, akimwekea majimbi mawili matatu kizingitini, na shangazi akidhani yanauzwa, kila siku anamwambia leo sinunui. Mwisho bwana wa watu akachoka, akatuma wazee waje na posa.

"Nshakubali," akasema. "Nimechoka kufuturu peke yangu. Ramadhani ngapi hizi nakaa na bakuli la uji tunatazamana. Nnataka Ramadhani hii inikute na mtu wa kumwambia, haya, chukua tende."

Tulikuwa mwisho wa Rajabu. Ramadhani ilikuwa mwezi mmoja tu mbele, na kwetu watu hawaozani ndani ya mwezi wa kufunga. Nikampa hongera zake, nikataka na kumtania kidogo, akanikata.

"Usinipe hongera, nipe miguu. Wewe ndiye walii wangu. Na mwozeshaji kanambia hafungui hata daftari lake mpaka aione karatasi ya talaka."

Hapo nikaweka kikombe chini. Mwanamke wa kwetu huozeshwa na walii wake: baba, akikosekana babu, akikosekana kaka, akikosekana mtoto wa kiume wa kaka. Wote wa mbele yangu wako kaburini. Nimebaki mimi, mwenye miaka hamsini na sita na goti bovu, niliyebebwa mgongoni na shangazi huyo huyo nikamharibia kanga zake. Leo mimi ndiye wa kumwozesha. Dunia hii!

Na karatasi yenyewe ilikuwa na kisa chake. Shangazi aliolewa bado kijana, na rafiki wa baba yangu. Baada ya miaka kidogo yule bwana akasema anakwenda bara kutafuta, akaenda kutafuta kweli, maana mpaka leo hajarudi. Hakuleta barua wala salamu. Shangazi akangoja, akangoja, halafu siku moja akajifunga kanga yake, akaenda mahkama ya kadhi huko huko shamba kudai ndoa ivunjwe. Ikavunjwa. Wanaojua sheria huita faskhi, sisi wengine kila kitu twakiita talaka. Karatasi alipewa, akaitia kashani, na mchwa wa Matemwe hawajui kusoma. Wakaila pamoja na leso mbili mpya.

"Usijali, Shangazi," nikamwambia. "Hiyo kazi ya siku moja."

Naomba niseme kwa nini nilijitapa. Mimi nimekuwa karani wa serikali maisha yangu yote ya kazi. Majalada ndiyo yaliyonisomeshea watoto. Najua kulifunga jalada, kulifungua, kulipa namba, na kulificha juu ya kabati likichosha. Nilipotoka nyumbani kwangu Kiembe Samaki na shati la pasi na Vespa yangu, mwenyewe nilijiona nakwenda kuwafundisha watu kazi.

Nikaanzia mahkama ya mjini. Karani wa pale, mtu mzima mwenzangu, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: kesi ilisikilizwa wapi? Nikamwambia shamba, kaskazini.

"Basi na jalada lake liko shamba kaskazini, bwana. Kila mahkama inafuga kuku wake."

Jambo hilo nalijua kama jina langu. Lakini sisi watu wa mji tuna ugonjwa, tunaamini kila chenye maana lazima mwisho wake kitakuja mjini. Yule bwana hakunicheka, angalau si mbele yangu. Akanandikia kwenye kikaratasi vitu vya kwenda navyo: barua ya sheha wa anakokaa shangazi, kitambulisho changu na chake, na barua ya maombi yenye majina ya mdai na mdaiwa, aina ya madai, mwaka na mwezi kesi ilipofunguliwa, na sababu ya kutaka nakala. Namba ya kesi ikijulikana, bora zaidi.

Namba ya kesi! Nikampigia shangazi.

"Namba?" akasema. "Mimi namba yangu ya simu yenyewe siijui."

"Basi mwaka."

"Mwaka ule mkeo alikuwa ananyonyesha yule mtoto wenu wa pili. Nilikuja kumtazama, akanitapikia."

Nikahesabu. Mwanangu huyo sasa ana ndevu. Mwaka nikaupata bila taabu.

"Na mwezi?"

"Mfunguo tatu," akasema bila kusita. "Siku chache kabla ya Iddi Kubwa. Nakwenda kufungua kesi, njiani watu wanaburura mbuzi wao."

Mfunguo tatu ni mwezi wa tatu tangu kufungua Ramadhani, mwezi wa hija. Iddi Kubwa iliyopita tuliisali mwezi wa sita, kanzu yangu mpya bado ilikuwa inanuka duka. Nikachukua kalamu, nikaandika kwa ule mwandiko wangu wa kazini, wenye mikia: kesi ilifunguliwa mwezi wa sita. Chini yake nikatia sahihi ambayo ingetosha kwa katibu mkuu.

Sheha alinipa barua yake siku ile ile. Kesho yake asubuhi nikaenda huko shamba. Mahkama yenyewe ni jengo la chini, limepakwa rangi vizuri, lina baraza ndefu ya saruji mbele na upepo wake. Karani wa masjala ni mwanamke kijana, miwani, ushungi umepigwa pini sawasawa, na sauti ya chini mno hata unalazimika na wewe kuishusha yako. Akaisoma barua yangu.

"Mashaallah, mwandiko."

Nikavimba.

Akalitoa daftari la kesi za mwaka ule, kubwa, gamba lake limechanika pembeni, akalifungua mezani. Kidole chake kikashuka mwezi wa sita wote, mstari kwa mstari. Hakuna. Akapitia mwezi wa tano, akapitia wa saba. Hakuna. Akatoa daftari la mwaka wa nyuma yake, na la mwaka wa mbele, miezi ile ile. Hakuna mdai mwanamke wa Matemwe aliyetaka kuachwa.

"Labda haikufunguliwa hapa, mzee wangu."

Sijui ni jua lile au ni goti, nikapandwa na hasira. Nikamwambia, binti, mimi nimefanya kazi hii kabla hujazaliwa, jalada halina mabawa, kama lilikuwepo lipo. Nikasema na mengine ambayo siyaandiki.

Alingoja nimalize. "Kweli mzee, halina mabawa," akasema kwa sauti yake ile ile. "Lakini na hasira nayo haina namba ya kesi."

Nikatoka nje. Nikatembea mpaka kwenye Vespa, nikaitazama, nikarudi nikamwomba radhi. Akasema hapana neno, wanaokuja kutafuta vya zamani wote huja na moto. Akanishauri nimlete mwenyewe mwenye kesi, maana mwenye kidonda ndiye ajuaye kinapouma.

Nikamweleza shangazi kwenye simu. Nikaingoja pilipili yake, haikuja.

"Kwa hivyo mimi mke wa mtu?" akaniuliza.

"Siyo hivyo, Shangazi. Daftari tu..."

"Ndivyo wanavyosema wenzangu huku mwanini. Wanasema kwa kicheko, lakini wanasema. Kuwa nitaolewa juu ya ndoa." Akavuta pumzi. "Na yule mwenyewe kashaanza kupaka chokaa nyumba yake."

Usiku huo sikula vizuri. Mwezi wa Shaabani ulikuwa umeshaandama. Lolote analotaka mtu mzima wa kwetu huwa limezungukwa na watu wa kumwambia lishampita wakati. Huyu kapata mtu wa kumpakia nyumba chokaa, halafu anazuiwa na karatasi waliyoila mchwa, na mpwa wake aliyejitapa kazi ya siku moja.

Siku ya tatu nilimfuata Matemwe. Akakaa ubavu nyuma ya Vespa, mkono mmoja kalishika shati langu mpaka likanikaba shingo, mkono mwingine kapakata kikapu. Nikamuuliza cha nini. Ati majimbi ya karani. Nikamwambia mahkamani hakuendwi na majimbi, watatufunga sote wawili pamoja na bwana harusi. Akayaacha kwa jirani huku ananung'unika kuwa siku hizi hata adabu imekuwa makosa.

Karani akamwamkia vizuri, akamtafutia kiti, akamwinamia.

"Bibi, siku ile ulipokuja kufungua kesi, unakumbuka nini?"

"Nakumbuka joto," akasema shangazi. "Joto kama la leo. Nilikuja kwa miguu, nikifika hapo barazani buibui limenigandia mwilini. Kaskazi inavuma, mwani wote umekufa kwa maji ya moto, sote tunaomba masika yafike."

Karani akaniangalia juu ya miwani.

"Mzee wangu, mwezi wa sita kuna kaskazi?"

Mwezi wa sita kuna kusi. Mwezi wa sita watu wazima wanavaa sweta kwendea alfajiri. Nikasimama pale mdomo wazi, na taratibu, kama maji yanayopanda pwani, nikaona nilichokifanya. Miezi yetu ya kufuata mwandamo hurudi nyuma siku kumi na moja kila mwaka. Mimi nimefunga Ramadhani ndani ya masika, nikafunga ndani ya joto, nikafunga ndani ya kipupwe, nimezunguka mwaka mzima na zaidi, na bado niliichukua Iddi Kubwa ya juzi nikaipachika kwenye mwaka ambao mwanangu mwenye ndevu alikuwa ananyonya. Kwa mwandiko wenye mikia.

"Na huyu ndiye tuliyemsomesha," shangazi akamwambia karani.

Yule binti hakucheka, lakini mabega yake yalicheka. Akafunua daftari lile lile, mwezi wa tatu, kabla ya masika. Kidole hakikufika hata nusu ya ukurasa.

"Hili hapa, Bibi. Jina lako, jina lake, kuvunja ndoa."

Shangazi akasema alhamdulillahi, akajishika kifua. Mimi nikasema alhamdulillahi pia, kwa sababu zangu.

Karani akaandika namba, akachukua funguo, akaingia chumba cha kumbukumbu. Tukamsikia anavuta ngazi, kisha tukamsikia anapiga magoti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi tukatoka tukakaa barazani tupate upepo.

"Hapa hapa ndipo nilipokaa," shangazi akasema, akiipapasa saruji, "siku baba yako alipokuja kutoa ushahidi."

Mimi sikuwa na habari kuwa baba alitoa ushahidi. Nilijua ugomvi tu. Nyumbani kwetu baba alikuwa akisema dada yake aliulizwa siku ya ndoa, akaridhia kwa kinywa chake, kisha akaja kumtia aibu kwa kadhi. Shangazi akisema hakuulizwa kitu, aliolewa kama anavyouzwa mbuzi. Miaka na miaka hawakukaa chini wakala sahani moja. Na sisi watoto tulikuwa upande wa baba, kwa kuwa baba ndiye aliyetulisha, na mimi hasa nilipenda kusema kuwa shangazi ana kichwa kigumu.

"Nilipomwona anavua viatu mlangoni aingie ndani, mimi nikatoka nje," akasema. "Nikakaa hapa na vidole masikioni. Nilisema, siwezi kumsikia ndugu yangu wa tumbo moja anashika msahafu anaapa kuwa mimi mwongo. Walipomaliza kapita mbele yangu, hakunitazama. Siku ya hukumu nikapewa karatasi yangu nikaenda zangu. Sikuuliza, wala sikuambiwa."

Karani akaniita. Shangazi hasomi maandishi haya ya kizungu, anasoma msahafu tu, kwa hiyo niliingia peke yangu. Jalada lilikuwa mezani, limeshapanguswa vumbi, limefungwa uzi. Akanambia nilipitie nihakikishe ndilo lenyewe.

Nikakuta madai ya shangazi, na kidole gumba chake. Nikakuta maelezo yake: kuwa hakuulizwa siku ya ndoa, kuwa mume kaondoka, kuwa hapokei matumizi wala salamu. Nikafunua. Ukurasa wa pili wake ulikuwa wa baba yangu.

Maneno yake hayakuwa mengi: Mimi ni kaka wa mdai, na ndiye niliyemwozesha. Siku ya ndoa niliingia ndani ili nimuulize kama anaridhia. Nilifika nyuma ya pazia, nikasikia analia, nikasimama kidogo, kisha nikatoka. Sikumuuliza. Nilimwambia mwozeshaji kuwa ameridhia, kwa sababu nilishatoa ahadi kwa rafiki yangu na watu wameshakaa. Mdai hakusema uongo. Naiomba mahkama imfungulie.

Chini yake sahihi. Ile sahihi ninaijua, imo kwenye ripoti zangu zote za skuli.

Niliona haya. Sijui haya za nani, zake au zangu. Masikio yalinipata moto kama mtoto aliyekutwa anachungulia dirishani kwa watu. Baba yangu, ambaye nyumbani alishika lake mpaka anaingia kaburini, alikuja hapa akalisema jambo lile mbele ya kadhi, karani na mashahidi, akavaa viatu vyake akarudi kwetu mjini kusema aliridhia.

"Ndilo lenyewe?" akauliza karani.

"Ndilo."

"Unataka nakala ya hukumu peke yake au na maelezo ya mashahidi? Kwa ajili ya ndoa, hukumu inatosha."

"Hukumu inatosha," nikasema. Nikasema haraka.

Nilikuwa na sababu zangu nzuri. Maiti hasemwi ila kwa wema. Siri ya mtungi aijuaye kata. Shangazi kaja kutafuta ruhusa ya kuolewa, hakuja kufukua makaburi, na ruhusa ameshaipata. Na baba yangu alikuwa baba yangu. Karani akachukua kurasa za hukumu kwenda kuzitoa nakala, nami nikatoka barazani na uso wa furaha nilioutengeneza njiani.

"Tayari, Shangazi. Wewe si mke wa mtu. Andaa hina."

Akatabasamu. Halafu akauliza, hata hakunitazama, anaangalia zake barabarani:

"Na kaka yangu wamemwandika mle?"

"Wameandika watu wengi."

"Wewe, mimi nimekutawaza, nikakuogesha na kukuvisha. Usinizungushe. Kasema nini?"

Nikaanza kuutafuta ufunguo wa Vespa mfukoni.

"Kama aliniita mwongo, niambie tu," akasema. "Mimi nshazeeka, halinivunji tena. Siku aliyokufa nilikuja, nikakaa kitako miguuni kwa maiti, nikasema nimekusamehe. Lakini mwanangu, mpaka leo sijui nilimsamehe nini."

Kuna maneno mtu ukiyasikia hukai. Nikainuka, goti likalia, nikarudi ndani. Nikamwambia karani nimekosea, nataka na ukurasa wa ushahidi wa baba. Akasema basi niongeze mstari kwenye barua ya maombi. Nikaongeza, safari hii mwandiko haukuwa na mkia wowote. Akazitoa nakala, akazigonga muhuri zote, akatia tarehe na sahihi, akanipa kwa mikono miwili.

Nikamsomea shangazi pale barazani. Nilisoma pole pole, kama yalivyoandikwa, sikuongeza wala sikupunguza.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Hapo pa pazia."

Nikasoma hapo pa pazia. Akaichukua ile karatasi, akaigeuza huku na huku, akaweka kidole kwenye sahihi, akaanza kulia, na huku analia anatukana.

"Mjinga yule! Mjinga mkubwa wa kuzaliwa! Alinisikia nalia! Kamwambia kadhi, kamwambia karani, kawaambia na kuta, mimi mwenyewe kanificha! Miaka yote ile akipita Matemwe ananipungia mkono kwa mbali kama mheshimiwa! Angeshindwa nini kuniita, dada njoo? Ningempikia. Wallahi ningempikia siku ile ile."

Wanaume wa kwetu tunaweza kuungama kwa kadhi, lakini si kwa dada. Nikasema lile moja nililokuwa nalo.

"Shangazi, na mimi nisamehe. Nilikuwa nikikwita kichwa kigumu."

"Najua," akasema, akijifuta pua kwa ncha ya kanga. "Nawe ulikuwa na sauti kubwa."

Tukarudi. Njiani alinikamata shati kama mwanzo, na mimi niliendesha taratibu kuliko kawaida yangu.

Mwozeshaji aliisoma hukumu mara moja, akaafiki kwa kichwa, akalifungua daftari lake. Ukurasa wa baba hakuuona, ule shangazi aliukunja akautia ndani ya msahafu wake. Siku ikapangwa, Ijumaa ya mwisho ya Shaabani, baada ya sala ya alasiri. Ramadhani ilikuwa imebakia siku chache tu. Watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia, wengine, sina shaka, walikuja kuangalia karatasi. Bwana harusi alivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikawa na makali, akakaa kwenye mkeka anatoka jasho, na chokaa bado imo kwenye kucha zake.

Mwozeshaji akanambia, "Haya walii, kaulize."

Nikaingia ndani. Pazia lilikuwa jipya, la maua. Nyuma yake nikasikia wanawake wanacheka, mara wakanyamaza. Nami nikasimama kidogo. Nikaona pahala alipokuwa amesimama mtu mwingine, nyumba nyingine, zamani, akasikiliza, akageuka. Nikalifungua pazia nikapita.

Shangazi alikuwa amekaa juu ya kitanda, hina mpaka kwenye vifundo, kapendeza. Nikakaa chini mbele yake, na goti langu bovu hivyo hivyo.

"Shangazi, nnakuuliza. Unaridhia nikuozeshe kwa bwana huyu?"

Hakujibu. Akanitazama tu. Kibibi mmoja nyuma yake akanong'ona kuwa kimya cha bibi harusi ndiyo ridhaa, nitoke zangu nikawaambie wanaume. Shangazi akamnyanyulia mkono anyamaze.

"Niulize tena," akanambia.

Nikamuuliza tena.

"Tena."

Huko nje mwozeshaji akakohoa. Nikamuuliza mara ya tatu, na yeye machozi yanamtoka na anatabasamu, na hakuna mwanamke aliyecheka mle chumbani.

"Mara moja nyingine, mwanangu. Usione tabu."

Nikamuuliza mara ya nne, jina lake kamili na jina la baba yake. Ndipo aliponijibu, kwa sauti iliyotoka nje ya pazia na nje ya ukumbi mpaka kwenye mkeka wa wanaume.

"Nimeridhia," akasema. "Nenda kawaambie nimeulizwa."

Nikatoka, nikawaambia.